HUKO JUU SI PORI LISILO NA NJIA



Jioni moja tulikuwa tumeketi kando ya kiwanja cha mpira, tukingoja grupu iwashwe kwa saa ya kujisomea. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, anga likabaki safi. Mara tukaona mianga mingi inapita juu yetu, inafuatana mstari mmoja, bila sauti hata kidogo, kama watu wanaotoka sokoni usiku, kila mtu na taa yake mkononi. Wote tukasimama.

Mmoja akapiga kelele: «Ile ni ndege ya wachawi! Tuingie ndani!» Mwingine akasema ni alama ya mwisho wa dunia. Wa tatu, ambaye ni mwepesi sana katika fizike, akatucheka: «Muache woga. Ile ni satelite za Wamerikani, za kuleta intaneti. Wakisha kuzirusha, siku za kwanza zinatembea pamoja vile.» Huyu alisema kweli, nami namshukuru. Lakini akaongeza maneno mawili ambayo yamenikaa moyoni mpaka leo. La kwanza: «Kule juu ni pakubwa, hapawezi kujaa.» La pili: «Na tena, hii ni mambo ya wazungu. Sisi watu wa Lubutu haituangalie.»

Grupu ikawashwa, tukaingia kalasi, mazungumzo yakakatika. Leo nataka kumjibu mwenzangu huyo mbele yenu wote. Sisemi hapa juu ya mbingu ile tunayoimba katika ibada, maana ile ni jambo lingine. Nasema juu ya anga lililo juu ya mawingu, mahali satelite zinapozunguka.

JE, NI KWELI KULE NI PAKUBWA?

Nianze kwa kumpa haki yake, maana si vizuri kumshinda mtu kwa makelele. Kule ni pakubwa kweli. Wataalamu wa Ulaya wanaohesabu vitu vinavyozunguka dunia wanatuambia kwamba viko zaidi ya 35,000 vyenye ukubwa unaopita sentimeta 10. Satelite zinazofanya kazi zimo ndani ya hesabu hiyo, zilizokufa zimo, na mabaki ya roketi na vipande vya vitu vilivyovunjika vimo pia.

Nilichukua daftari nikafanya hesabu ndogo. Vingi vya vitu hivyo vinazunguka kati ya kilometa 200 na kilometa 2,000 juu yetu. Tukiugawa uwanja huo wote kwa vitu 35,000, kila kimoja kinapata chumba chake peke yake, chenye urefu, upana na kimo cha kilometa 300 na zaidi. Ndugu msomaji, kutoka hapa Lubutu mpaka Kisangani kwa mstari ulionyoka ni kama kilometa 200 tu. Fikiri basi nyumba ambayo chumba kimoja kinapita safari ya kwenda Kisangani, na ndani ya chumba hicho hamna kitu isipokuwa satelite moja. Nani atasema nyumba hiyo imejaa?

Na tukitoka mbali zaidi, upweke unaongezeka. Mwezi uko kilometa 384,000. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, tukiliacha jua, mwanga wake unasafiri miaka 4 na zaidi mpaka kutufikia. Katikati hapo karibu hamna kitu.

Basi mwenzangu ameshinda? Hapana. Amesahau mambo mawili: mwendo, na njia.

MWENDO

Kitu kinachozunguka karibu na dunia hakitembei kama kinga ya muuza mafuta. Kinakwenda karibu kilometa 7 na nusu kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, safari ya kutoka hapa mpaka Kisangani, ambayo sisi kwa kinga tunaifanya kwa siku nyingi na magoti kuuma, inaisha kabla hujahesabu mpaka 30. Na kile chumba kikubwa cha kilometa 300 kinavukwa kwa dakika isiyotimia. Kila kitu kinazunguka dunia yote kwa muda wa saa moja na nusu hivi, halafu kinarudi, usiku na mchana, mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo havikai katika vyumba vyao. Kila dakika vinapita katika vyumba vya wenzao.

Na vikigongana? Hapa tuchukue fomula ambayo mwalimu wetu wa fizike ametuandikia ubaoni mara nyingi: nguvu ya kitu kinachotembea ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo tena. Chukua kijiwe cha gramu moja, kidogo kuliko punje mbili tatu za muhindi. Kikigonga kitu kwa mwendo wa kilometa 10 kwa sekunde, nguvu yake ni sawa na ya gari la tani moja linalokwenda kilometa 36 kwa saa. Mnaweza kufanya hesabu wenyewe. Sasa vipande vilivyo vikubwa kama kijiwe hicho au kupita, kati ya sentimeta moja na kumi, vinakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Vile vidogo zaidi, vya milimeta tu, vinapita milioni mia moja. Hakuna mtu anayeweza kuviona vyote kutoka chini na kuwaambia wenye satelite: «Jihadharini, kinakuja!»

NJIA

Jambo la pili ni njia. Tazameni pori letu. Mtu akipita juu kwa ndege, ataona miti, miti, miti, kutoka Lubutu mpaka Walikale, na atasema: hapa hakuna mtu. Lakini ashuke chini asimame kwenye barabara ya Kisangani siku ya mvua. Atakuta malori yamekwama tope, moja mbele, tatu nyuma, na watu wa kinga wanatafuta mahali pa kupita pembeni na madumu yao ya mafuta. Pori ni tupu, lakini barabara imejaa. Sababu gani? Sababu hakuna dereva anayepita porini. Wote wanataka barabara moja.

Huko juu ni vilevile. Satelite za kupiga picha za dunia na za hali ya hewa zinapenda kimo cha kilometa 700 mpaka 900. Satelite mpya za intaneti za kampuni ya Starlink, ambazo zilianza kurushwa kwa wingi mwaka 2019 na sasa zinapita 7,000, nyingi ziliwekwa karibu na kilometa 550. Satelite za televisheni zinataka mstari mmoja tu, kilometa 35,786 juu ya ikweta, kwa sababu hapo kitu kinazunguka pamoja na dunia, kinaonekana kama kimesimama mahali pamoja. Ndiyo maana sahani ya televisheni tunaifunga juu ya bati mara moja na hatuigeuzi tena.

Kwa hiyo neno la kusema «anga ni pakubwa» ni kama kusema «pori ni kubwa». Ni kweli, lakini halimsaidii dereva aliyekwama.

Na ajali zimekwisha kutokea. Tarehe 10 Februari 2009, satelite ya Kirusi iliyokuwa imekufa, Kosmos 2251, iligongana na satelite ya Kimarekani iliyokuwa kazini, Iridium 33, karibu kilometa 790 juu ya Siberia. Zote mbili zilivunjika. Vipande zaidi ya 2,000 vilivyo vikubwa vya kutosha kuonekana kutoka chini vilitawanyika.

Hiyo ilikuwa ajali. Lakini kuna uchafu mwingine ambao watu waliufanya kwa kusudi, nao unaniudhi zaidi. Mwaka 2007, mwezi wa Januari, China ilirusha silaha ikavunja satelite yake yenyewe ya zamani, Fengyun-1C, kwa kujaribu nguvu. Vipande zaidi ya 3,000 vilihesabiwa. Marekani ilikuwa imefanya jambo kama hilo mwaka 1985, na India ilifanya mwaka 2019. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ilivunja Kosmos 1408, vipande zaidi ya 1,500, na watu saba waliokuwa katika kituo cha kimataifa kule juu walilazimika kujificha ndani ya vyombo vyao vya kurudia nyumbani. Warusi wawili walikuwa miongoni mwao! Ni kama mtu anayevunja chupa katikati ya njia ambayo watoto wake mwenyewe wanapita miguu wazi.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Donald Kessler, pamoja na mwenzake Burton Cour-Palais, waliandika mwaka 1978 kwamba vitu vikizidi, vitaanza kugongana. Kila mgongano utazaa vipande, na vipande vitagonga vitu vingine, na hivyo vitaongezeka vyenyewe hata kama hakuna mtu anayerusha kitu kipya. Kama vile moto wa shamba: anayeuwasha ni mmoja, lakini baadaye hauombi tena kiberiti.

Mtaniuliza: Je, vipande havianguki vyenyewe? Vinaanguka, lakini inategemea kimo. Katika kilometa 400 hewa kidogo ingaliko, inavuta kitu polepole, kitashuka na kuungua baada ya mwaka mmoja au michache. Katika kilometa 800 ni mambo ya miaka mia na zaidi. Kule kwa satelite za televisheni havishuki. Kuna satelite ndogo ya Marekani, Vanguard 1, uzito wake kilo moja na nusu tu, ilirushwa Machi 1958. Ilinyamaza mwaka 1964. Mpaka leo ingali inazunguka. Wengi wa babu zetu walikuwa hawajaoa wakati ule.

«HAITUANGALIE»?

Sasa nafika kwa neno la pili la mwenzangu, lile la kusema kwamba ni mambo ya wazungu.

Kwanza, vitu vya juu vikishuka havichagui kijiji. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, jimbo la Makueni, nchini Kenya, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu. Upana wake ulikuwa karibu meta mbili na nusu, uzito karibu kilo 500. Idara ya Anga ya Kenya ilikuja kuichukua, na katika uchunguzi wa kwanza ikasema ni pete ya roketi. Kwa neema ya Mungu haikumgonga mtu. Mwezi wa Mei 2020, roketi kubwa ya China, Long March 5B, ilirudi chini bila kuongozwa, na bomba refu la chuma likakutwa katika kijiji cha Mahounou, Côte d'Ivoire. Wale wanakijiji walikuwa hawajarusha hata kopo.

Lakini sitaki mtu alale na sufuria kichwani. Sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na vitu vingi vinaungua njiani. Barabara, nyoka na malaria vinatuua zaidi sana. Ninaloomba ni hili tu: siku moja mwindaji akikuta porini chuma cha ajabu, chenye alama za kuungua, asikiguse, wala wasikikate kwa kwenda kuyeyusha sufuria. Baadhi ya matangi ya roketi na satelite yana dawa kali yenye sumu. Watu wakae mbali, waende kumjulisha chifu na serikali. Na tujue kwamba kuna mapatano ya mataifa ya mwaka 1972 yanayosema: nchi iliyorusha kitu ndiyo inayolipa hasara kikiangusha madhara chini. Mwaka 1978 satelite ya Kirusi yenye mashine ya nguvu ya atomiki, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Canada na kumwaga uchafu wake. Canada ikadai, na mwaka 1981 Warusi wakakubali kulipa dola milioni tatu za Canada. Anayejua haki yake ndiye anayedai. Asiyejua anashukuru kwamba amepata chuma cha bure.

Pili, tunayatumia mambo hayo kila siku. Ndege zinazotua Kindu zinaongozwa na satelite. Habari ya mvua inatoka kwa satelite. Mwaka 2025 nchi yetu ilitoa ruhusa kwa Starlink, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imekatazwa. Sisi tulio mbali na nyaya za simu ndio tunaohitaji njia ya juu kuliko mtu wa Bruxelles, ambaye ana waya chini ya kila barabara. Siku njia ya juu itakapojaa vipande, tajiri atabaki na waya wake. Sisi tutabaki na nini?

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, anga la juu yetu lina habari ndefu na nchi yetu, ila hatufundishwi. Tuangalie ramani. Ikweta inapita kaskazini ya Lubutu, umbali usiofika kilometa mia. Kwa hiyo ule mstari wa satelite za televisheni, wa kilometa 35,786, unapita karibu kabisa juu ya utosi wetu. Tarehe 3 Desemba 1976, nchi za ikweta zilikutana Bogotá, katika Colombia. Zaire yetu ilikuwamo, pamoja na Kongo ya Brazzaville, Uganda, Kenya, Colombia, Ecuador na Indonesia. Zilisema: sehemu ya mstari huo iliyo juu ya nchi yetu ni mali yetu, kama vile mto na madini, anayetaka kuweka satelite aombe ruhusa kwanza. Wakubwa wa dunia walikataa. Walijibu kwamba mapatano ya mwaka 1967 yanasema anga halina mwenyewe, hakuna nchi inayoweza kulitwaa.

Katika miaka hiyohiyo Zaire ilifanya mapatano na kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ikawapa sehemu kubwa ya Shaba kwa kujaribu roketi. Ya kwanza ilipaa Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, mbele ya macho ya Rais Mobutu, ilishindwa ikaanguka. Mwaka 1979 kazi ikasimamishwa. Baadaye Mukongomani mwenzetu, Jean-Patrice Keka, alijaribu kwa nguvu zake roketi za Troposphère huko Menkao, karibu na Kinshasa. Ile ya 2008 ilipanda karibu kilometa 15. Bado ni mbali na kilometa 100, ambapo wengi wanasema anga la juu linaanza. Lakini mtoto hutambaa kabla ya kutembea. Majirani wetu wamekwisha kutembea kidogo: Kenya ilikuwa na satelite ndogo mwaka 2018, Rwanda mwaka 2019, Uganda mwaka 2022. Zamu yetu itakuja.

Itakuja, lakini tutaikuta njia imefunguka au imefungwa? Hapo ndipo moyo wangu unauma. Nchi chache zimepita mbele kwa miaka karibu sabini, zimekula ndizi, zimetupa maganda njiani. Sisi tutakapofika na satelite yetu ya kwanza, tutaambiwa: «Poleni, kule ni hatari, bima ni ghali, nafasi zimekwisha.» Hiyo si njaa ya kwanza ya namna hii. Tunajua watu waliopita katika nchi yetu, wakachukua, wakaacha mashimo.

WAZO LANGU

Basi mnaniuliza: wewe unasimama wapi? Nasema waziwazi.

Wazee wa Bogotá walikosea kusema «ni yetu». Kitu kinachozunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu hakiwezi kuomba ruhusa kwa kila chifu. Hata ule mstari wa ikweta, tukiukata vipande vipande, tajiri ataununua kwa bei ndogo kama alivyonunua mengine. Lakini walikuwa na haki kulalamika. Maana waliowajibu kwamba anga halina mwenyewe walitumia neno hilo vibaya. Kwao «halina mwenyewe» ikawa ruhusa ya kila aliyetangulia kufanya anavyotaka. Kwetu sisi kisima cha kijiji hakina mwenyewe, na kwa sababu hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kukichafua. Kitu cha wote kina sheria kali kuliko kitu cha mtu mmoja.

Kwa hiyo naona huko juu panahitaji jambo ambalo sisi tunalijua sana: salongo. Na salongo ina kanuni zake.

Ya kwanza: kila mtu afagie mbele ya mlango wake. Anayerusha satelite aishushe inapokufa. Zamani wataalamu walishauri isikae zaidi ya miaka 25 baada ya kazi yake. Mwaka 2022 Marekani ikapunguza kuwa miaka 5 kwa zile za karibu. Ni vizuri.

Ya pili: asiyekuja salongo alipe faini. Mwezi wa Oktoba 2023, kwa mara ya kwanza, Marekani iliitoza kampuni moja, Dish, faini ya dola 150,000. Ilikuwa imeahidi kuinua satelite yake iliyozeeka, EchoStar-7, kilometa 300 juu ya ule mstari wa ikweta kusudi isizuie nafasi. Mafuta yakaisha, ikafika kilometa 122 tu. Faini ni ndogo kwa tajiri, lakini mlango umefunguka. Na mjue kwamba mstari wenyewe ni uleule waliousemea wazee wetu mwaka 1976.

Ya tatu: aliyechafua zaidi abebe kapu kubwa. Kuokota vitu vikubwa vilivyokufa kunawezekana. Mwaka 2024 chombo cha Wajapani, ADRAS-J, kilikaribia kipande cha roketi yao ya mwaka 2009 mpaka meta 15 hivi, ili kujifunza namna ya kukikamata. Kazi hiyo ni ghali. Wailipe wale ambao vitu vyao vimejaa kule, si mtoto wa Rwanda au wa Uganda mwenye kijisatelite kidogo.

Ya nne: kuvunja satelite kwa silaha kukatazwe kabisa, kwa mkubwa na mdogo.

Na wajumbe wa Kongo wanapoketi katika mikutano ya mataifa, waseme hayo bila aibu. Asiye na satelite ana haki ya kusema juu ya njia, kama vile asiye na lori ana haki ya kusema juu ya daraja.

NA SISI HAPA?

Sitaki kumaliza kwa kuwahukumu Wamerikani, Warusi na Wachina peke yao, kwa maana ningekuwa mnafiki. Juma lililopita nilitoa mawe ya radio yaliyokufa nikayatupa nyuma ya bweni, penye majani, nikisema moyoni: pori ni kubwa. Maneno yaleyale ya mwenzangu! Halafu nikakumbuka kwamba maji ya mvua yanapita hapo, yanashuka kwenye kijito tunachochotea. Nikarudi kuyatafuta. Nilipata matatu. La nne sijaliona mpaka leo. Hapo nilielewa vizuri kuliko katika kitabu: kutupa ni sekunde moja, kuokota ni mchana mzima, na kimoja kitabaki siku zote.

Basi, ndugu yangu wa fizike, sikukasirikii. Umetuondolea woga wa wachawi, na hiyo ni kazi njema. Lakini usituondolee woga wote. Ile mianga iliyopita juu ya kiwanja chetu ilikuwa inapita njiani, si porini. Na njia hiyo ni yako pia, hata kama leo huna hata kinga ya kuipitia. Jifunze hesabu zako vizuri, kwa maana siku moja tutahitaji mtu wa kutoka huku wa kwenda kuketi na wakubwa na kuwaambia: «Hapa mlitupa uchafu. Leteni ufagio.»

Mwenye wazo lingine aandike, tutamsoma katika namba inayokuja.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa umanite